Siku Mwanatatu Alipokuwa Akibana Jiwe

Simu ilipoita pale maabara, Mwanatatu binti Boga alikuwa ameinama juu ya mtambo, vidole vyake vimeshika skurubu. Ulikuwa mwaka 1992, mwaka wake wa tatu wa masomo Ujerumani. Kwao ni Shika Adabu, Likoni, kwa mkulima wa minazi, na kazi yake kule ugenini ilikuwa kubana jiwe.

Lilikuwa jiwe jeusi, dogo kama punje ya mchele, limepikwa kwa shaba, madini mengine na oksijeni. Likipozwa kwa hewa iliyogandamizwa ikawa kimiminika cha baridi kali, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata chembe. Madini ya risasi na bati nayo hufanya hivyo, ila kwenye baridi kali zaidi, na sababu yake wataalamu walikuwa wameshaieleza. Jiwe hili lilikuwa bado limewashinda. Mwalimu wake alitaka kujua itakuwaje likibanwa ubavu mmoja, kisha ule mwingine.

Aliyepiga simu ni kaka yake, Mwidani, kutoka kibanda cha simu karibu na feri.

"Mwanatatu, baba ametangulia. Tumeshamzika, leo alasiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Mama je?"

"Ameingia eda. Utakuja?"

"Nitakuja, inshallah."

Sarafu zikamwishia Mwidani, simu ikakatika.

Mwanatatu alirudi kwenye mtambo. Jiwe lilikuwa limeshapoa. Hakumwambia mtu. Akaizungusha skurubu kidogo, akangoja, akasoma kipimo, akazungusha tena. Kadiri alivyozidi kulibana ubavu ule, ndivyo umeme ulivyoanza kupita huru mapema zaidi, baridi ikiwa bado haijakaza sana. Kesho yake akaligeuza, akalibana ubavu wa pili. Ikawa kinyume: sasa lilidai baridi zaidi. Tofauti haikufika nyuzijoto moja, lakini ilionekana wazi. Watafiti wa awali waliolibana pande zote kwa pamoja hawakuona kitu kikubwa, kwa kuwa athari hizo mbili zilikuwa zikifutana.

Mwalimu alipoona vipimo alicheka kwa furaha, akampa mkono. Ndipo Mwanatatu alipomwambia kwamba amefiwa na baba yake. Mwalimu alibaki ameushika ule mkono, hajui auachie au vipi.

Tikiti ilipatikana baada ya wiki kadhaa. Shika Adabu wanawake walimpokea kwa kilio kipya. Naye akawapa mkono mmoja mmoja, akaitika pole zao, macho makavu. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Akaingia jikoni, akakuna nazi.

Siku ya tatu Mwidani alishindwa kunyamaza.

"Wallahi umesoma mpaka umekauka. Mzee alikuwa akikutaja kila saa!"

"Najua, kaka."

"Basi lia!"

Mwanatatu alimtazama. Alitamani kumridhisha, kama mtu anavyotamani kumpa mgeni chai na sukari imekwisha.

Jioni mama yake, Bi Mwanamkasi, alimwita chumbani alikokuwa akikaa eda.

"Mwanatatu!"

"Abee, mama."

"Keti hapa. Siku ile simu ilipokuja, ulikuwa ukifanya nini?"

Angeweza kusema alikuwa akisali. "Nilikuwa nikibana jiwe, mama. Na nilipoweka simu nikaendelea kulibana."

Bi Mwanamkasi aliuliza, "Linabanwa vipi?"

Mwanatatu akachukua kipande cha sabuni pale dirishani, akakibana kwa vidole viwili, akakigeuza, akakibana tena. Akamweleza polepole: ubavu huu likibanwa hupata nguvu, ubavu huu hudhoofika, ingawa jiwe ni lile lile. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na siku hiyo ulikula?"

"Sikumbuki."

"Hata mimi sikumbuki kama nilikula," mama akasema. Akasogea kitandani, akampisha alale kando yake. "Baba yako aliwaambia watu wote msikitini kwamba binti yake anabana mawe Ulaya. Walimcheka. Rudi ukamalize."

Akarudi. Mwaka uliofuata jiwe lilipasuka ndani ya mtambo likiwa linapoa tu, na wenzake wakasikitika kuliko yeye. Alifagia vipande, wakapika jingine. Kazi ikaandikwa na kuchapishwa, jina lake likiwa la kwanza, na mwaka 1996 akarejea kufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana Kisauni.

Kila mwaka nyumbani husomwa hitima ya Mzee Boga. Mwanatatu hupika pilau, hugawa sahani, huwauliza wageni habari za watoto. Machozi hayakuja. Kwa muda mrefu aliyangoja kila hitima. Kisha ukaja mwaka ambao alikumbuka kwamba hakuyangoja pale tu wageni walipokuwa wameshaondoka, sufuria zinaoshwa, na Mwidani anakunja mikeka, anamuuliza kama ya jirani ni ile yenye ukingo mwekundu.

"Ndiyo," akasema. "Ile ya ukingo mwekundu."