Miezi Sita ya Mama Dokta

Siku hizi mafuta ya nyonyo yanauzwa kwenye vichupa vidogo, ati ya kukuza nywele. Juzi binti yangu alifungua kimoja mezani, nami nikanyanyuka nikatoka nje na sahani yangu mkononi. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Basi nawaeleza ninyi kwanza.

Ile ndiyo harufu ya chumba cha bibi yangu, kijijini kwetu upande wa Matombo, milimani Uluguru, nilikofungiwa nilipovunja ungo. Nilikuwa darasa la saba. Kwetu binti akishakuwa mwali huwekwa ndani, hupakwa mafuta, hufundwa, wanaume hawamwoni na mbele ya wageni hafungui mdomo. Kisha hutolewa kwa ngoma. Lakini miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa hadi gulio la kijijini na kila mtu anatafuta cha kuuza, nani alikuwa na muda? Dada zangu walikaa wiki mbili, tena wakati wa likizo. Nami nilihesabu wiki mbili zangu, kisha nirudi kujiandaa na mtihani wa kumaliza shule. Nilikuwa wa kwanza darasani. Msidhani najisifu, nilikuwa wa kwanza kweli.

Ndipo akaja Mama Dokta.

Alikuwa mhadhiri, mwenyeji wa Kagera, mwembamba, mcheshi, anaishi Mwembesongo mjini, ambako alifuga kuku kwa sababu mshahara wa chuo haukumfikisha popote. Kila Jumamosi alipanda mlima hadi kwetu na trei ya mayai na kinasa sauti. Kazi ya maisha yake ilikuwa kubishana na vitabu vya wakoloni, vile vilivyowapanga watu kwa rangi zao, huyu juu, huyu chini, na kudai kwamba sisi weusi hatuna utamaduni, tuna vituko tu.

"Bibi, hawa waliandika juu yenu bila kuwauliza," alimwambia bibi yangu siku ya kwanza. "Mimi nimekuja kuuliza."

Nilimpenda hapohapo, kichwa nimekiinamisha kwenye mkeka.

Kisha akatoa kitabu cha zamani cha Mzungu mmoja, akatutafsiria ukurasa. Kilisema mwali wa Kiluguru hukaa ndani miezi sita. "Ni kweli, bibi?"

Bibi aliitazama trei ya mayai. Nje ya mlango mjomba akakohoa. "Ni kweli, mwanangu," bibi akasema.

Weee! Nilingoja acheke. Hakucheka. Na kwa kuwa neno lilikwisha kutoka, ikabidi liwe. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alisema mwali huyu anaandikwa kitabuni, asije akatuaibisha. Mama yangu alijaribu kutaja shule, akaambiwa shule haikimbii.

Jamani, kile chumba! Kidirisha chake kilikuwa na ukubwa wa daftari. Nililala, nikala, nikapakwa, nikalala tena. Ngozi ikalainika, mashavu yakajaa, na bibi akafurahi jinsi ninavyong'aa. Saa nilizijua kwa ile rimu ya lori iliyogongwa shuleni ng'ambo ya bonde. Asubuhi wenzangu walipita chini ya ukuta wakiulizana miji mikuu ya nchi, wakikosea, nami nimeng'ata kanga nisije nikawajibu. Nilifanya hesabu ukutani kwa mkaa. Bibi alizifuta kwa kitambaa bila kunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kila Jumamosi nilisubiri Dokta aniulize. "Mwali anaendeleaje?" alimwuliza bibi. "Ana furaha," bibi alijibu. Dokta akaandika. Nilimchukia, wallahi. Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Mwali anayebwata mbele ya mgeni anamvunjia mama yake heshima kijiji kizima, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri mno.

Siku ya mtihani madarasa ya chini yaliambiwa yabaki nyumbani, hivyo njia ilikuwa kimya. Rimu ikalia mara moja tu. Nilikaa nimegeukia ukuta mpaka jua likahama kwenye kidirisha.

Jumamosi iliyofuata Dokta akauliza jambo jipya. "Na wewe bibi, katika ile miezi yako sita ulifundwa nini usichokisahau?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Miezi sita ya nini? Mimi nilikaa siku kumi tu! Palizi ilikuwa imefika, nani angelima?"

"Lakini si uliniambia…"

"Kitabu chako ndicho kilichosema. Mgeni umetoka mbali, na mayai umeleta, nikuumbue mbele ya watu? Hata!"

Dokta akazima kinasa sauti. Kisha akashuka kwenye kigoda, akaketi mkekani mbele yangu. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa unataka nini?"

Nilimtazama bibi. Hakunikataza. "Mtihani," nikasema, na sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Ulikuwa juzi."

Kesho yake nilitolewa. Dokta alikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu mkuu, nikarudia darasa, nikakaa dawati moja na mdogo wangu, nikafaulu. Kwa miaka mingi nilisema bibi yangu alikuwa mwongo. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba alimpa mgeni wake kile alichokuja nacho, kwa adabu zote. Na Dokta, aliyepigana na vitabu vile maisha yake yote, ndiye aliyekipandisha mlimani kimoja na kukifanya kiseme kweli.

Kitabu chake kilipotoka nilikitafuta. Ametuandikia sura nzima, nzuri, yenye heshima. Ila juu ya muda wa mwali kukaa ndani ameweka sentensi moja tu: kwamba hilo alichelewa kuliuliza, na aliyelipia kuchelewa huko ni mtoto. Nilikifunika nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi.