Nusu Kikapu, Bukoba Hadi Mwanza

Juzi pale uwanja wa ndege Mwanza nimeuziwa pakiti ya senene wa Bukoba, wale panzi wa kukaanga, wameshachambuliwa, bawa hakuna, mguu hakuna. Nikamuuliza muuzaji, "Sasa dada, mtu atajuaje umbali?" Akanitazama kama mgonjwa. Simlaumu, hakumjua bibi yangu.

Bibi, mama yake baba, aliishi ng'ambo ya ziwa, nje kidogo ya Bukoba, na safari zote alizipima kwa kazi ya mikono. Kwenda kanisani ni kusuka ukili wa mkeka, pima moja. Kuja kwetu Mabatini, hapa Mwanza, kwa meli, msimu wa senene, ni kuchambua usiku kucha, kikapu baada ya kikapu, mpaka vidole viote sugu.

Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa, madege ya kubeba minofu ya sangara yalipita juu ya bati letu mpaka sufuria zikalia. Vindege vya watu binafsi navyo vikaanza kuvuka ziwa. Sisi tulivitazama tu, hadi ilipokuja harusi ya shangazi.

Shangazi tuliishi naye, na aliapa hatoki nyumbani kabla mama yake hajamkalisha mapajani na kumuaga, kama desturi yetu. Wiki ya harusi meli ikaharibika, mvua ikakata barabara. Baba akakata tiketi ya ndege, akampigia bibi simu kupitia parokiani kwao. Jibu likaja: "Anayeruka ni ndege na senene. Mimi nina miguu." Basi. Shangazi alilia mpaka uso ukaumuka kama andazi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, akatangaza mtaa mzima, "Yule hapandi, hata mumfunge kamba!"

Baba hakuirudisha tiketi. Asubuhi ya harusi tulikwenda uwanjani huku tukiomba Mungu, jirani naye akafuata ili ashuhudie. Ndege ikatua. Akashuka mzee mwenye tai, akashuka sista, kisha mlango ukabaki wazi, hatoki mtu. Halafu kikatokea kikapu, na nyuma ya kikapu, bibi! Jamani, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Shikeni hiki, ndiyo kwanza nimefika nusu. Nimemwambia dereva azunguke kidogo nimalizie, kakataa."

Rubani alishuka nyuma yake akicheka, mbawa za senene zimemganda begani.

Tulimalizia kuchambua nyuma ya pikapu tukirudi nyumbani, jirani akichambua kuliko wote. Wakwe walipoingia, senene wanalia kwenye kikaango, na shangazi, mtu mzima na shela lake, kakaa mapajani kwa mama yake, analia na kucheka.

"Usiogope, mwanangu," bibi akamwambia. "Nimepima mwenyewe. Kwetu na kwako ni nusu kikapu."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena popote.

Bibi alishatangulia. Ndege siku hizi ni nyingi, na abiria wote wameinamia simu zao. Ile pakiti nilimpelekea shangazi, ambaye sasa ana wajukuu. Akala mmoja, akatafuna taratibu.

"Watamu. Nani kachambua?"

Nikasema sijui.

Akaifunga pakiti, akaiweka juu ya kabati. "Wale wa siku ile," akasema, "nilijua."