Anayeandika Sifuri Kila Asubuhi Kajiado

Saa tatu kamili asubuhi, Jentrix Naliaka anaegemeza ufagio ukutani, anafungua uzio mdogo wa waya na kupiga magoti mbele ya kopo la shaba lililosimikwa ardhini. Angani hakuna wingu hata la dawa. Anatoa chupa iliyo ndani ya kopo, anaiinua usawa wa macho, anaikagua, kisha anaandika daftarini: 0.0.

"Hii ni ya themanini na saba mfululizo," anasema akipangusa magoti. "Watu huniuliza, si uandike tu ukiwa kwa nyumba? Hapana. Ukiacha pengo, ni wewe hukuenda. Ukiandika sifuri, ni mvua haikukuja."

Naliaka, 43, mama wa Lennox, ni mfagiaji wa shule ya msingi kando ya barabara ya Namanga, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Miaka sita iliyopita maafisa wa hali ya hewa walileta kipimamvua hapo, na mwalimu mkuu akamchagua yeye kwa kuwa hakosi kazini. Kupima hakuna malipo. Kila asubuhi hutuma namba kwa simu, na tangu aanze hajawahi kujibiwa.

Alizaliwa Bungoma, na huko jina la Naliaka hupewa wasichana waliozaliwa msimu wa palizi. Huku aliko hana hata mche wa kupalilia.

"Dada yangu akinipigia analalamika eti nguo hazikauki, nakasirika kabisa," anasema akicheka, ingawa macho hayacheki. "Namwambia, wewe nyamaza, weka simu kwa dirisha nisikie hiyo mvua."

Lakini kuna mvua moja ambayo angependa kuisahau.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya ukame mrefu, kopo lilipata milimita 31 kwa siku mbili. Redio ikatangaza kwamba nyingine inakuja. Mzee Saning'o, mfugaji ambaye boma lake liko kilomita saba kutoka shuleni, nyuma ya kilima, alikuwa amechinja mbuzi na kusoma utumbo wake kama walivyofanya baba zake. Utumbo ulimwambia ahame. Kabla ya kuondoka alipita shuleni kuuliza chupa inasemaje.

"Nilimwambia, mzee, usihame, mvua imefika."

Akabaki. Nyuma ya kilima halikuanguka tone. Ng'ombe kumi na mmoja walikufa.

"Sikumdanganya. Namba ilikuwa ya kweli," anasema Naliaka. "Lakini ilikuwa namba ya hapa. Mimi nikampea kama ya kwake."

Siku moja kabla tulikuwa tumemkuta Saning'o akiziba ua wake kwa matawi ya miiba. Ukimuuliza kuhusu sayansi, anakuangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua ni moto.

"Sayansi iko sawa. Simu ni sayansi, chanjo ya ng'ombe ni sayansi, na mimi natumia. Lakini hiyo chupa iko shule. Ng'ombe yangu haisomi shule."

Serikali nayo haimponyoki. "Hiyo namba mama anatuma imechimba bwawa gani? Serikali inajua sisi hatuna mvua. Inangoja nini, iandikiwe barua?"

Naliaka akiambiwa maneno hayo habishi. "Anasema ukweli. Hata asante sijawahi pata. Lakini siku mtu atataka kujua bwawa likae wapi, hatakuta karatasi tupu. Mimi niko na hiyo imani, wacha wanicheke."

Kwa mwaka mzima aliwasumbua maafisa wampe kopo la pili. Mwezi uliopita walimpa. Akapanda bodaboda nalo hadi kwa Saning'o, ambaye walikuwa hawajasalimiana naye tangu ng'ombe wafe. Mzee alimsimamisha langoni kitambo kirefu. Mwishowe akauliza kama mbuzi wataweza kunywa humo.

"Hapana, mzee. Tutaweka waya."

"Basi lete. Lakini Mama Lennox, nikisoma kitu tofauti na yako, usiniambie nimekosea."

"Sitasema, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

Walikubaliana hivi: kukiwa kavu, Saning'o anapiga simu, inalia mara moja, anakata. Hiyo ni sifuri, na haimgharimu kitu. Kukiwa na mvua, haikati hadi Naliaka aishike.

Tukiwa bado uwanjani, simu inalia mfukoni mwake. Naliaka anaitoa na kuikaza mkononi. Inakatika. Anaandika sifuri ya pili chini ya ile yake, polepole.

Anataka makopo kumi, anasema, kutoka hapa hadi njia ya Magadi, kila boma lijue mvua yake lenyewe. Hilo analiomba serikalini. Kwa Mungu ana ombi jingine.

"Natamani asubuhi moja hii simu isikatike. Ilie tu, ilie, mpaka nishike. Kwangu iwe sifuri, sijali. Inyeshe kwake kwanza."