Siku Nilipompakia Mama Spesioza kwenye Lori Langu

Jamani, hili nimelificha karibu mwaka mzima, na hata sasa ninapolisimulia uso unaniwaka. Mimi mtoto wa dereva wa Makambako, naishi Euless, Texas, huku Marekani, napakia mizigo uwanja wa ndege, na kila wikiendi niko chini ya lori langu kuukuu, nililolinunua likiwa chuma kitupu kule karibu na Houston, nikalitafutia injini, nikalipigia bodi ya mbao kwa mikono yangu, nikalipaka rangi ya bluu (mke wangu husema lori ndilo mke mkubwa).

Basi siku ya sikukuu ya parokia yetu ya Fort Worth, ambako wengi wetu ni Warundi, nikaenda nalo. Watu wakapiga picha, nami nikavimba kichwa, nikatangaza kwamba nitawazungusha wazee mtaani. Mawingu yalikuwa yametanda, nikaamua kufunika bodi kwa turubai wasije wakalowa. Uamuzi mdogo tu.

Wazee wanne wakapanda. Mama Spesioza, mjane wa Kirundi anayetuongozea rozari, akafika nyuma ya lori, akalitazama lile turubai, akasimama.

"Hapana, mwanangu."

"Panda tu mama, leo halibebi mizigo!"

"Hapana."

Watu wanatazama, wengine wanarekodi kwa simu, na mimi (mpumbavu mimi) nikadhani ni woga wa uzee, nikamnyanyua mzobemzobe huku nacheka, nikamweka ndani, nikafunga mlango wa bodi, na komeo lilipogoma kuingia nikaligonga kwa nyundo.

Hatujatoka hata pakingi nikasikia kilio, kilio kile cha msibani. Nikafunga breki, nikakimbilia nyuma, komeo limekwama. Navuta, nagonga, mikono inateleza kwa jasho, na ndani Mama Spesioza anaita majina mawili, anayarudia, majina nisiyoyajua. Ikabidi wanaume wakate kamba za turubai kwa visu, wakamtoa kwa juu kama mtoto mchanga, kitenge kimechanika, mbele ya parokia nzima. Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea.

Mzee mmoja ndiye aliyeninong'oneza: wakati wa vita vya kwao Burundi walikimbia ndani ya lori lililofunikwa vile, wakasongamana mno, na watoto wawili wa Mama Spesioza wakakosa hewa. Walishushwa wamekufa.

Jumatatu nikaenda kwake kuomba radhi. Nikapiga magoti pale sebuleni. Akaniambia polepole, "Habari za wanangu hukuzijua, kwa hilo sikulaumu. Lakini nilikuambia hapana. Mara mbili."

Akanimiminia chai, nikainywa nikiwa palepale sakafuni.

Siku hizi mtu akiniambia hapana, simwulizi kwa nini wala simchekei. Nashusha mikono.