Umri wa Askari Tsang

Tsang Wing-hoi alitengeneza mizani za mkono katika kibanda cha chini ya ngazi, mtaani kwetu Yau Ma Tei, Hong Kong, kwa miaka arobaini na mitatu. Alichonga ufito wa mti mgumu, akautoboa vitundu na kuvijaza waya wa shaba, kila nukta uzito wake. Wauza samaki wawili waliwahi kumwomba asogeze nukta kidogo. Aliwafukuza wote, na mmoja alikuwa shemeji yake.

Mimi nilikuwa mwalimu, jirani yake, na ndimi niliyemsomea karatasi za serikali.

Wajapani walipotuvamia, Tsang alikuwa mpiga mzinga wa Waingereza, na alifungwa na Wajapani kwa ajili hiyo. Sasa koloni lilikuwa linakaribia kurudishwa China, na ofisi moja ikatangaza kwamba askari wa zamani wanaweza kuomba pasipoti kamili ya Uingereza, wao na wake zao. Pasipoti tuliyokuwa nayo wengine ilikuwa na taji juu, lakini haikutupa ruhusa ya kuishi Uingereza. Tsang mwenyewe hakutaka kuhama. Alimwombea mkewe, Sau-lan, ambaye alishaikimbia China bara mara moja na hakuwa akilala vizuri.

Jibu lilikuwa fupi: askari aliyemo daftarini alizaliwa 1919, mwombaji 1920. Kwa hiyo si mtu mmoja.

Nilielewa mara moja. Kwetu mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, na kila Mwaka Mpya humwongezea mwingine. Alipojiandikisha mwaka 1939 alisema ana miaka ishirini, na kwa hesabu yetu ilikuwa kweli. Sajenti akatoa ishirini kwa hesabu ya kwao, akaandika 1919.

Tulikwenda ofisini watatu. Karani, Bi Fung, alikuwa binti wa hapahapa.

"Mjomba, tia sahihi hapa tu, kwamba ulidanganya umri ili uchukuliwe," alisema. "Wengi walidanganya, na wanasamehewa."

"Sikudanganya."

"Najua. Hata bibi yangu anahesabu hivyo. Lakini fomu hii haina nafasi ya bibi yangu."

Sau-lan alimfinya mkono. "Tia sahihi, mzee. Ujana wenyewe umeshakwisha, unauringia nini?"

Tsang aliuliza kama neno hilo litabaki katika faili lake la jeshi. Bi Fung akakiri kwamba litabaki. Basi akaukata mstari ule, akaandika juu yake kwamba alisema kweli, na sajenti ndiye ambaye hakuuliza watu wa hapa wanahesabu vipi.

Maombi yalikataliwa.

Wako wanaomwita mkaidi. Mimi nasema hivi: serikali iliyompa kijana mzinga bila kumdai cheti cha kuzaliwa haikuwa na haki ya kumdai cheti zamu yake ya kumlinda ilipofika. Tena kumtaka ajiite mwongo ili apewe haki yake ni kosa la pili.

Sau-lan hakumsemesha kwa siku tisa. Alimtengea wali na samaki wa chumvi, akaenda kula dirishani. Siku ya kumi alikuja na bakuli lake mezani.

"Ungesogeza nukta moja tu," alisema.

"Kaka yako naye alisema hivyohivyo."

Sau-lan akavuta kigoda, akakaa kula naye.