Kidole cha Mshono

Jumamosi baada ya chakula cha mchana usinitafute nyumbani. Wanangu wanajua, majirani wanajua, hata mwenye duka la kona anajua. Nikipita na mfuko wangu wa vitambaa huniuliza, "Dani, leo mnakata nini?" Namwambia tukikosa kitambaa nitarudi kukata pazia lake. Halafu napanda polepole kutoka Mashimoni mpaka Makina, humu humu Kibera, magoti yananung'unika na mimi siyasikilizi, hadi kwenye ua wa rafiki yangu ambako mkeka umeshatandikwa na chai ya tangawizi inanukia tangu mlangoni. Pale ndipo tunaposhona mablanketi ya viraka.

Majina ya wenzangu wote ninayo kichwani, la nyumbani, la kanisani au la msikitini, na lile la utani ambalo mtu mwenyewe hapendi. Niamshe usingizini nitakutajia mpaka majina ya mama zao. Lakini wamenikataza nisiwaandike. "Dani, waume zetu watajua tunawasema," walisema, na kweli tunawasema. Kwa hiyo nitawaita tunavyoitana pale mkekani, na pale kila mtu ni nyanya kwa lugha ya kwao. Mimi ni Dani, Mjaluo wa kutoka ziwani. Mwenye ua ni Habuba, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo Makina, na mama yake akazaliwa hapo hapo. Kuna Kukhu, Mluhya, akicheka kuku wa jirani wanatawanyika. Na kuna Susu, Mkamba wa Kitui. Wengine wapo, lakini hadithi hii ni ya Susu.

Blanketi letu lina uso, tumbo na mgongo. Uso ndio viraka: masalio ya kitenge tunayopewa na mafundi, gauni la mitumba lililokosa mnunuzi, shati la shule ambalo kola imekufa lakini mgongo bado mzima. Tumbo ni joto: sweta zilizofumuka, blanketi kuukuu. Mgongo ni shuka. Tunashona kwa mkono, kila mtu na kona yake, na midomo inakwenda mbio kuliko sindano. Tunashonea mwenzetu mmoja kwa zamu, na akishapata lake tunaanza la mwingine.

Lakini kuna sheria. Mwenye blanketi haligusi kwa sindano. Zamu yako ikifika unaleta kitambaa kimoja cha nguo yako uliyoipenda, unakaa, unapika chai. Ukionekana umetia hata uzi mmoja, tunaufumua mbele yako. Sheria hiyo aliileta Habuba siku ya kwanza kabisa. Alisema, "Kujishonea, kila mwanamke anajishonea. Nyumbani unajishonea, unawashonea watoto, unamshonea mzee vifungo. Hapa, wallahi, unashonewa." Hakuna aliyebisha. Nakumbuka mmoja wetu aligeuza uso akajifanya anatafuta sindano.

Susu ndiye alikuwa mkataji. Alikuwa na kadi ya mraba aliyoikata kutoka kwa boksi la sabuni, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Anaweka kadi juu ya kitambaa, anazungusha chaki, anakata, anakupa. Sisi wengine hatukujua kukata wala hatukutaka kujua. Tulipokea viraka kama watu wanaopokea chapati.

Kisha nyumba za upande wetu zikabomolewa ili barabara ipite, na baadhi yetu wakahamia Kawangware, Kukhu na Susu wakiwemo. Tulidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha. Wale wakaanza kushona kule, sisi tukaendelea huku, na mwisho wa mwezi tunakutana kwa Habuba. Susu alikuwa akija na mfuko wa viraka alivyokwisha kukata, nusu yetu, nusu yao. Tukawa Kibera na Kawangware kama timu mbili za mpira. Wao wanasema mishono yetu ni ya wavivu. Sisi tunasema yao ni ya watu wanaofukuzwa.

Siku moja ya mwisho wa mwezi Susu akaja bila mfuko. Alikunywa chai yake yote kwanza. Halafu akasema, "Mzee wangu amechoka na useremala. Tunarudi Kitui. Pikapu tumeshapata."

"Kutembea?" Kukhu akauliza.

"Kukaa."

Basi tukaanza kuhesabu, na ndipo tulipogundua jambo la aibu. Kila mtu pale alikuwa na blanketi isipokuwa yeye. Zamu yake ilipofika mara ya kwanza alimpa mwenzetu aliyepata mjukuu mchanga. Mara ya pili akampa yule ambaye mabati yake yalikuwa yanavuja. Daima kulikuwa na mtu mwenye baridi kuliko yeye, na sisi tukamwacha afanye hivyo.

Habuba akaweka kikombe chini. "Hutoki Nairobi bila blanketi."

"Siku ni chache, Habuba."

"Wewe unajua sheria. Pika chai, unyamaze."

Tukagawana kazi. Kibera washone nusu moja, Kawangware nusu nyingine, kila nusu kutoka kichwani hadi miguuni, na Jumamosi ya kuamkia safari tukutane kwa Susu tuunganishe katikati. Susu akaitoa kadi yake kama mtu anayetoa mtoto akabebwe na mgeni. Kukhu akaiweka juu ya kipande cha boksi, akazungusha kalamu, akapata ya kwake. Ile ya zamani ikabaki kwa Habuba. Susu alifungua mdomo aseme kitu, na sisi sote kwa pamoja tukamwambia, "Chai!"

Sijawahi kushona kwa furaha kama wiki zile. Nilikuwa nakwenda Makina hata siku za kazi. Tulitumiana picha kwa simu, na Kukhu alikuwa anatuma sauti yake pia, maana yeye kuandika kunamkawiza kutukana: "Kibera, mmelala? Sisi tuko safu ya mwisho!" Habuba akamjibu, "Mnavyokimbia hivyo, na mshono utakimbia." Picha zilikuwa nzuri. Rangi zao zilikuwa nzuri, lazima niseme, walipata kitenge cha manjano sijui wapi. Lakini picha haikwambii kitu ni kikubwa kiasi gani.

Jumamosi tukafika Kawangware, kule karibu na Riruta, tumebeba nusu yetu ndani ya shuka. Chumba cha Susu kilikuwa kimefungwa chote kwa kamba, kitanda kimevunjwa, sufuria ndani ya karai. Tukatandika mikeka kwenye uwanja wa ploti. Habuba akatandaza nusu yetu. Kukhu akatandaza yao pembeni.

Wote tukainama kutazama.

Nusu yao ilikuwa imepita yetu kwa mkono mzima, kutoka kwa kiwiko hadi ncha ya kidole. Hata upana ulizidi. Mistari ya viraka haikukutana mahali popote, kiraka chetu kikiishia hapa, chao kinaishia kule.

"Lenu limenywea," Kukhu akasema. "Mmelifua?"

"Lenu mmelilisha nini?" Habuba akauliza.

Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Aliangalia mara moja tu. "Kukhu, ulikata wapi? Juu ya mstari wa kadi, au nje yake?"

"Nje. Niliongeza kidole cha mshono kila upande, upana wa kumezwa na uzi. Kila fundi duniani anaongeza kidole!"

Susu akashika kichwa. Kidole cha mshono kilikuwa tayari ndani ya kadi yake, alikiweka humo siku aliyoikata. Sisi wa Kibera hatukuongeza kitu kwa sababu hatukujua kwamba kuna kitu cha kuongezwa. Kukhu, ambaye ujanani alishona sare za shule, alifanya kama alivyofundishwa. Kidole huku, kidole huku, kiraka baada ya kiraka, mpaka mkono mzima.

"Mbona hukuuliza?" Habuba akasema.

"Mbona kadi haikusema?"

"Kadi ni boksi la sabuni, Kukhu, itasema nini? 'Nimeoga'?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali, maana tulikuwa tunatazama jua. Habuba alipaswa kuwa Makina kabla ya magharibi, na pikapu ilikuwa inakuja alfajiri. Mmoja akasema tupunguze lao. Wenye nguo zilizokuwa safu ya mwisho wakaweka mikono juu ya viraka vyao. Kwenye ile safu ndipo kila mwanamke wa Kawangware alipotia kipande cha gauni lake mwenyewe ili Susu asiwasahau. Utamkata nani? Mwingine akasema turefushe letu. Tukapindua mifuko yote, zikatoka nyuzi na kifungo.

"Nipeni mkasi kidogo tu," Susu akasema.

"Kaa!"

Alikaa. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, nadhani ili isimponyoke. Kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, "Basi nifungieni hivyo hivyo, nusu mbili. Nikifika Kitui nitaunganisha mwenyewe."

Hapo roho zetu zikashuka. Yaani yeye aliyetukatia sote ndiye atakayekaa peke yake na uzi, ajimalizie. Kukhu akaokota kile kifungo, akawa anakizungusha tu.

Ndipo mzee wake akatoka nyuma ya nyumba na kamba begani, akitafuta godoro. Ni mtu mfupi sana, mzee yule, na Susu ni mrefu kama nguzo. Wakipita njiani watoto hutabasamu. Akasimama akatazama zile nusu mbili kwa jicho la seremala, kichwa kikiwa upande. Hakuuliza kosa ni la nani. Alivua viatu, akalala chali juu ya nusu yetu ya Kibera, kichwa kwenye ukingo wa juu. Visigino vyake vikaishia pale pale blanketi linapoishia.

"Upande huu wangu," akasema. "Mama, njoo ulale."

"Mbele ya watu?"

"Ni wanawake wenzako. Mimi ndiye ninayeona haya."

Susu akainuka, akajilaza kwenye nusu ya Kawangware, akanyoosha ile miguu yake. Ikatosha. Akaangalia mbingu, halafu akaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Tangu niolewe," akasema, "tangu niolewe miguu yangu inalala nje!"

"Tulimpima kwa roho!" Kukhu akapiga kelele, na kuku wakatawanyika.

"Mlipima kwa ujinga, Mungu akawasaidia," Habuba akasema, lakini tayari alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Tukalinganisha vichwa, miguu tukaiacha ijiendee. Wao wakakaa upande wao, sisi wetu, tukashona ule mshono wa katikati kama watu wanaofunga koti la mtu mmoja. Chini tukapinda pindo lenye ngazi: fupi, halafu ghafla refu. Susu akatupikia chai. Ilitoka nyeupe kabisa. Alikuwa akitutazama kupitia mlangoni akasahau majani, na tuliinywa hivyo hivyo tukisifu. Jua likiwa bado juu ya mabati ya Riruta, Habuba akakata uzi wa mwisho, tukalikunja blanketi la Susu na kumwekea mikononi. Aliligeuza, akatafuta kiraka cha kila mmoja wetu kwa kidole, hata vya wale ambao hawakuja siku ile.

Susu alipopiga simu kutoka Kitui nilikuwa kwa Habuba na wenzangu, sindano mdomoni.

"Dani, wewe umewahi kufika Kitui?"

"Bado."

"Ndiyo sababu. Mlitia sweta ngapi humu ndani? Huku ni joto! Hatujajifunika hata siku moja. Tunalilalia kama godoro, mzee upande wake, mimi upande wangu, na akivuka namrudisha."

Nilipowaambia wenzangu, tulicheka mpaka Habuba akashika mbavu. Watu wazima wote wale, na Wakamba wengine wawili tukiwa nao, hakuna aliyekumbuka kwamba Kitui kuna joto.

"Lakini kuna neno lingine," Susu akaendelea. "Pale pindo linapobadilika, pale kwenye ngazi, uzi umeanza kufumuka."

"Si ulirudishie tu, ni mishono miwili."

"Nishone blanketi langu?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa sana. "Mimi? Na sheria ninaijua? Hapana, Dani. Nimeliacha hivyo hivyo, nalitazama. Mkija mtashona."

Sasa Kawangware wanasema uzi uliofumuka ni wa Kibera. Sisi tunasema ni wa kwao, kila mtu aliona wakikimbizana na jua. Kukhu ameapa hatashika kazi yetu, na sisi hatushiki yao, kwa hiyo imebidi twende sote. Tumeshaulizia basi la Kitui. Habuba anabeba tangawizi, Kukhu uzi, na mimi nimeambiwa nibebe sindano mbili tu, kwa kuwa pindo lenyewe, Susu amesema, halizidi urefu wa kidole.