Macho ya Binti wa Kaka

Kaka yangu wa Butiama hajawahi kukosa chanjo ya ng'ombe. Siku bwana mifugo akija, ng'ombe wake ndio wa kwanza kufika, na ndama akigoma humsukuma mwenyewe mpaka aingie kwenye kibanio cha kuchanjia. Lakini bintiye alipofikia umri wa sindano ya surua, alimkataza wifi yangu kumpeleka zahanati. Mnadani Bunda alisikia kwamba sindano hiyo inafunga kizazi.

Nilitoka Musoma kwenda kumsihi.

"Hizi za ng'ombe tunazijuaga," aliniambia. "Hiyo ya mtoto imetoka wapi? Akiwa tasa, nani ataniletea mahari?"

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akacheka, akanichinjia kuku.

Surua ikaja. Wifi alitaka kumkimbiza mtoto hospitali, kaka akakataa, eti mgonjwa wa surua akichomwa sindano vipele vinarudi ndani na kumuua. Wakamfungia chumbani, dirisha limezibwa kwa gunia. Habari iliponifikia nilikwenda kumchukua kwa nguvu, nikampeleka Musoma mwenyewe. Daktari alisema mtoto atapona, ila macho ndiyo basi tena. Kaka alilia siku ile, na sikumwonea huruma.

Sasa binti amekua, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Mwezi uliopita nilikuwa pale uani wakati jirani akipita, mtoto mgongoni, anakwenda kliniki. Kaka alimwita, akamshika binti yake kidevu na kumwinua uso.

"Muone huyu. Sisi tulimpeleka kuchanja."

Wifi aliendelea kupepeta mchele, kichwa chini. Nilisema mbele yao wote kwamba ni uongo, mtoto huyu hakuchanjwa surua kamwe, na aliyempofusha ni baba yake.

"Wewe unakaaga mjini," kaka akasema kwa upole. "Ulikuwepo?"

Jirani alinitazama, akayatazama yale macho meupe, asijue amwamini nani. Mwishowe akamwinamia binti mwenyewe.

"Eti mwanangu, ulichanjwa?"

Binti aligeuza uso kuelekea ile sauti. Aliyasema aliyofundishwa tangu utotoni, na aliyasema kwa huruma, maana anayaamini.

"Usimpeleke, mama. Ile sindano iliniumaga sana."

Jirani akakaza kanga ya mtoto mgongoni, akarudi kwake.